Msituuzie Sindano ya Moto Peke Yake

Najua nimekuwa kimya. Nilikuwa msibani Morogoro, na niliporudi kazini nikakuta mezani kwangu mwaliko wa mkutano na waandishi wa habari. Hoteli ni ile ile ya siku zote, chai na sambusa saa nne, na mada ni "tiba ya kisasa ya saratani ya ini bila kisu". Nikacheka peke yangu mpaka jamaa wa meza ya pili akaniuliza kulikoni. Sikuweza kumweleza. Acha niwaeleze ninyi.

Msiba ulikuwa wa mjomba wangu. Amekufa kwa saratani ya ini akiwa na miaka 49. Na hiyo tiba isiyo na kisu naijua, tena naijua sana, kwa sababu miaka mitatu iliyopita nilikwenda kwenye mkutano kama huo, wa watu wengine, kwenye hoteli nyingine, nikarudi na bahasha (ndiyo, ile bahasha, msijifanye hamuijui) na nikaandika nusu ukurasa. Kichwa cha habari kilisema saratani ya ini sasa kuchomwa kwa sindano. Picha ilikuwa ya daktari mgeni anatabasamu kando ya mashine.

Hebu nikiri kitu. Habari ile haikuwa na uongo hata mmoja. Kila sentensi ilikuwa kweli. Kuna sentensi moja tu sikuiandika, kwa sababu hakuna aliyeisema pale mbele na mimi sikuuliza: kwamba sindano hiyo inafanya kazi kwenye uvimbe mdogo. Mdogo kama zabibu, au ukizidi sana kama limau dogo. Mjomba aliikata ile habari kwenye gazeti akaihifadhi kwa kuwa jina langu lilikuwa juu yake. Alipogundulika kuwa na uvimbe aliitoa kwenye bahasha ya hati za kiwanja, akaifungua taratibu, akaniambia, "Mpwa wangu, hii si uliandika wewe mwenyewe? Basi tuache kulia, tutafute nauli."

Sasa kabla ya kugombana na mtu yeyote, tuelewane kwanza hiyo sindano ni kitu gani, maana wengi wetu tunaisifia au kuikejeli bila kuijua.

Mgonjwa analala, anachomwa ganzi au analazwa usingizi. Daktari anaangalia ini lake kwenye skrini ya ultrasaundi au kwenye picha za siti skani, kisha anapitisha sindano ndefu, nyembamba, katikati ya mbavu mpaka ncha yake ifike ndani ya uvimbe. Bila picha hizo anapapasa gizani. Ndiyo maana kazi hii ni ya madaktari wa radiolojia na si ya mtu mwenye mkono mwepesi tu. Sindano imeungwa na mashine inayotoa umeme wa masafa ya redio, unaokwenda na kurudi karibu mara laki 4 hadi 5 kwa sekunde moja. Chembe zenye chaji zilizomo kwenye maji ya mwili zinajaribu kuufuata umeme huo huku na huku, zinasuguana, na joto linapanda. Kwa hiyo sindano haichomi kama pasi. Nyama inayoizunguka ndiyo inayojichemsha yenyewe. Joto likifika nyuzi 60 seli zinakufa karibu papo hapo, protini zinaganda kama ute wa yai kwenye kikaango. Likipita 100 ni hasara, kwa sababu nyama inageuka mkaa, mkaa haupitishi umeme vizuri, na moto unaishia pale pale bila kufika pembeni. Basi daktari anacheza kati ya 60 na 100, dakika chache, anachomoa sindano, anaweka bandeji. Wagonjwa wengi hawalali hospitali zaidi ya siku moja au mbili.

Kuna aina ya pili, ya maikrowevu. Hiyo inatikisa chembe za maji, inapanda joto haraka zaidi na haisumbuliwi sana na mkaa. Mashine zake hutumia megahezi 915 au gigahezi 2.45, na hiyo ya pili ndiyo ile ile ya jiko la kupashia wali pale ofisini kwenu.

Ni kitu kizuri. Sitaki mtu aseme nimeandika kuwa ni utapeli, kwa sababu si utapeli. Wazo lilichapishwa mwaka 1990 na timu mbili zilizofanya kazi kila moja kivyake, moja ya John McGahan wa Marekani, nyingine ya Sandro Rossi wa Italia, zote zikijaribu kwanza kwenye maini ya wanyama. Leo limo kwenye miongozo ya dunia nzima. Waitaliano walichapisha mwaka 2008 matokeo ya wagonjwa 218 waliokuwa na uvimbe mmoja tu usiozidi sentimita 2. Katika wagonjwa 97 kati ya 100 uvimbe ule ulikufa wote na haukurudi mahali pale. Wale ambao wangeweza hata kupasuliwa lakini wakachomwa sindano, 68 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Mwaka 2003 Waitaliano hao hao walikuwa wamehesabu madhara kwa wagonjwa 2,320, waliokufa kwa sababu ya tiba yenyewe walikuwa 6. Upasuaji mkubwa wa ini hauna hesabu nzuri namna hiyo. Na kwa saratani ya utumbo mpana iliyohamia kwenye ini, utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2025 ulilinganisha sindano na kisu kwa vivimbe visivyozidi sentimita 3. Sindano haikushindwa, na wagonjwa wake walipata madhara machache zaidi.

Mmeiona hiyo namba? Sentimita 2. Sentimita 3. Inarudi kila mahali. Mwongozo wa Barcelona, ambao madaktari wa ini wamekuwa wakiufuata tangu 1999 na ukafanyiwa marekebisho 2022, unaiweka sindano kwa mwenye uvimbe mmoja mdogo, au vivimbe visivyozidi vitatu, kila kimoja sentimita 3 au chini. Hii si roho mbaya ya Wazungu. Ni fizikia. Joto linasafiri kidogo tu kutoka kwenye ncha. Daktari anatakiwa aunguze uvimbe pamoja na ukingo wa nyama nzima wa nusu sentimita hadi sentimita moja kuuzunguka, kwa hiyo kumaliza uvimbe wa sentimita 3 anahitaji tufe la moto la sentimita 4 au 5. Na kama pembeni unapita mshipa wa damu wenye upana wa milimita 3 au zaidi, damu inabeba joto na kuondoka nalo, seli zilizojificha ubavuni mwa mshipa zinapona, na baada ya miezi michache zinaanza upya.

Uvimbe wa mjomba ulikuwa sentimita 11.

Chukueni kikokotoo. Uvimbe wa sentimita 11 unauzidi ule wa sentimita 2 mara tano na nusu kwa upana, lakini kwa ujazo, ambao ndio moto unapaswa kuujaza, unauzidi mara 166. Halafu saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ini. Haya yote yalionekana kwenye picha zilizopigwa hapa hapa Dar. Na wakala wa hospitali ya nje (si ile ya mkutano wangu, lakini lugha ni moja) alizipokea hizo picha kwenye simu yake, akajibu kwa dakika 20 kwamba tusiwe na wasiwasi, "wataalamu wapo, mashine ipo, njooni". Mashine ipo! Kana kwamba tulikuwa tunauliza kama kuna umeme.

Tukachanga. Mnajua jinsi ukoo unavyochanga. Kundi la WhatsApp, mweka hazina, majina na ahadi, shangazi anaahidi asichokuwa nacho. Kiwanja cha Mkuranga kikauzwa kwa bei ya kutupa, kile ambacho hati zake zilikaa bahasha moja na habari yangu. Mjomba na mkewe wakapanda ndege kwenda India. Siku ya tatu daktari wa huko, mtu mwungwana kwa maelezo ya mama mdogo, aliangalia picha zile zile na kusema kwa upole kuwa hii haichomwi. Walikaa siku tisa, nyingi zikiwa za vipimo tulivyovilipia. Wakarudi na mfuko wa dawa za maumivu. Kutoka kipimo cha kwanza hadi mazishi zilipita wiki 11.

Nikitaka kulia nalia nyumbani. Hapa nataka kugombana, na ugomvi wangu si na yule daktari, wala si na sindano. Ugomvi wangu ni na uongo tunaoambiana sote, waandishi, mawakala, wanasiasa na hata ninyi wasomaji mnaoandika "serikali inunue hizo mashine": kwamba kinachowaua watu wetu ni kukosa mashine.

Kwenye mkoba wa karatasi za mjomba tulikuta barua. Ilikuwa ya miaka sita nyuma. Alikuwa amechangia damu kwenye zoezi la kanisani kwao, damu ikapimwa kama inavyopimwa damu yoyote ya mchangiaji, na akaandikiwa kuwa ana kirusi cha homa ya ini aina ya B, aende hospitali. Akaenda! Mjomba hakuwa mtu wa kupuuza. Alikwenda hospitali moja ya hapa mjini, wakampima tena, wakamwambia ini lako linafanya kazi vizuri, acha pombe, kula matunda, nenda nyumbani. Basi. Hakuna aliyemwambia arudi. Hakuna aliyemwambia ampeleke mkewe na watoto wakapimwe. Hakuna aliyemwambia kwamba mwanamume mwenye kirusi hicho, umri wake ukiwa umepita 40, anatakiwa apigwe ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi sita, maana saratani hii inaweza kuota hata kwenye ini ambalo halijafanya makovu, na inakua kimya, haina maumivu, haina homa, mpaka iwe kubwa.

Miaka sita ni ultrasaundi 12. Mashine ya ultrasaundi si ndege ya kivita, jamani. Ipo hospitali za wilaya, ipo kwenye vituo vya watu binafsi kila mtaa wa Dar, asubuhi hadi jioni inaangalia mimba. Kadi moja ya mchango wa harusi inalipia kipimo na chenji inabaki. Katika hivyo vipimo 12, kuna kimoja ambacho uvimbe ungekuwa na sentimita 2. Au 3. Siku hiyo mjomba angekuwa mgonjwa wa sindano, na habari yangu ingekuwa na maana.

Sasa tutoke kwa mjomba, kwa sababu mtu ataniambia huyo ni mmoja. Kuna utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, wa hospitali 21 za rufaa katika nchi 9 za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo. Uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 2,500 wa saratani ya ini kati ya 2006 na 2016. Karibu nusu walikuwa Wamisri, waliobaki walitoka nchi nyingine nane. Kule Misri, wagonjwa 76 kati ya 100 walipata tiba fulani iliyolenga saratani yenyewe. Kwetu sisi wengine, 3 kati ya 100. Muda wa katikati wa kuishi baada ya kugundulika: Misri miezi 10.9, kwetu miezi 2.5. Miezi miwili na nusu ni wiki 11. Mjomba wangu hakuwa na bahati mbaya ya pekee. Alikuwa wa katikati kabisa. Na umri wa katikati wa wagonjwa wetu ulikuwa miaka 46, wakati wa Misri ni 58. Hawa si wazee. Hawa ndio wanaolipa ada.

Na kumbukeni hizo ni hospitali za rufaa. Waliofia nyumbani wakidhaniwa wametupiwa kitu tumboni hawamo kwenye hesabu.

Sasa Misri ina nini? Mtu wa haraka atasema ina mashine. Ni kweli inazo. Lakini Misri ina historia ya ajabu kidogo, inabidi niisimulie. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali yake iliwachoma sindano mamilioni ya watu kutibu kichocho, kwa mabomba yaliyorudiwa bila kuchemshwa vizuri. Kichocho kilipungua, kirusi cha homa ya ini aina ya C kikaenea nchi nzima. Yaani serikali yenyewe, kwa nia njema, iliwapa watu wake ugonjwa wa ini kwa sindano. Na baadaye, tofauti na tulivyozoea huku, haikusema ni mapenzi ya Mungu. Mwaka 2006 iliunda kamati ya taifa ya homa ya ini na kufungua vituo vya kutibu watu hao, ikawa na wagonjwa wanaojulikana, wanaorudi kliniki, wanaopigwa ultrasaundi. Mwaka 2014 ilibana bei ya dawa mpya ya sofosbuvir, iliyouzwa Marekani dola 84,000 kwa wiki 12, ikaipata kwa takribani dola 900. Utafiti ule ulikuwa umeshakwisha pale kampeni kubwa zaidi ilipokuja, ya 2018 na 2019, ambapo watu wazima karibu milioni 50 walipimwa kwa miezi saba. Kwa hiyo pengo lile la 76 kwa 3 lilikuwepo hata kabla ya kampeni. Liliwekwa na kitu kidogo na cha kuchosha: daftari la wagonjwa na tarehe ya kurudi.

Sisi tuna kirusi B badala ya C. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022, katika kanda ya Afrika, asilimia 4.2 tu ya wenye kirusi B walikuwa wamegundulika na asilimia 0.2 ndio waliokuwa wakitumia dawa. Igeuzeni iwe watu. Wajaze wenye kirusi 1,000 kwenye ukumbi wa Diamond Jubilee. Wanaojua hali yao ni 42. Wanaomeza kidonge ni 2. Halafu mlangoni kuna mtu na sindano ya moto anayengoja mmoja wao atoke na uvimbe wa sentimita 2. Atangoja sana.

Tena kidonge chenyewe si kigeni. Tenofovir. Mwenye VVU anaipata bure kliniki ya CTC ndani ya kidonge chake cha kila siku, na dawa hiyo hiyo inakifunga kirusi B na kupunguza hatari ya saratani ya ini. Nilimsikia mgonjwa mmoja kwenye foleni akisema, kwa utani mchungu, kuwa angekuwa na virusi vyote viwili angetunzwa vizuri zaidi. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lililegeza masharti ya nani aanzishiwe dawa, ili waanze wengi zaidi na mapema zaidi. Hilo mliliona ukurasa wa mbele? Mimi pia sikuliandika.

Sumukuvu ningeweza kuizungumzia siku nzima, ile inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mwenye kirusi B anayekula sumukuvu ana hatari kubwa kuliko mwenye kimoja tu. Iache kwa leo.

Najua mtakayoniuliza. Rafiki yangu mmoja ambaye ni daktari alinikatiza nilipomwambia haya. Akasema, "Wewe unataka tuwapige watu picha kila miezi sita, tukikuta uvimbe wa sentimita 2 tuwaambie nini? Pole? Kupima bila kuwa na tiba ni ukatili." Hoja yake ni nzito kuliko zote nilizosikia, na ndiyo sababu sisemi mashine isinunuliwe. Nasema isinunuliwe peke yake, ikazinduliwa kwa utepe na mheshimiwa mwenye mkasi, ikawekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi kungoja wagonjwa ambao hatuna utaratibu wa kuwapata. Watu wa kuitumia tunaanza kuwa nao. Tangu 2018 madaktari kutoka Yale wamekuwa wakija Muhimbili kufundisha tiba radiolojia, na mwaka 2019 chuo cha MUHAS kikaanzisha mafunzo yake rasmi, ambayo kabla ya hapo hayakuwepo nchini. Walianza na kazi zisizo na picha nzuri za gazeti: kuchukua vinyama vya kupima, kutoa usaha, kufungua njia ya nyongo iliyoziba. Anayejua kufikisha sindano kwenye njia ya nyongo ya mgonjwa mwenye manjano hatashindwa kuifikisha kwenye uvimbe wa sentimita 2. Kitu asichonacho ni huo uvimbe wa sentimita 2. Anayeletwa kwake ni wa sentimita 11.

Hata pasipo mashine ya joto kuna njia ya zamani, ya kudunga spiriti safi ndani ya uvimbe kwa kuongozwa na ultrasaundi. Haifikii joto, Wajapani walilinganisha na kuchapisha 2005, baada ya miaka minne waliochomwa kwa joto walikuwa hai 74 kati ya 100, waliodungwa spiriti 57. Lakini linganisheni 57 na mfuko wa dawa za maumivu.

Wengine watasema ultrasaundi nayo hukosea. Ndiyo, hukosea, na sana tu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa kwa wenye makovu ya ini, ultrasaundi peke yake inakamata chini ya nusu ya saratani zikiwa bado changa, na ukiongeza kipimo cha damu cha alfa-fetoprotini inafika 63 kati ya 100. Si malaika. Lakini Shanghai waliwachukua watu 18,816 wenye kirusi B au homa ya ini ya muda mrefu, wakawagawa makundi mawili, kundi moja likapigwa ultrasaundi na kupimwa damu kila miezi sita. Waliohudhuria hawakufika hata 60 kwa 100, watu ni wale wale kila mahali. Hata hivyo vifo vya saratani ya ini kwenye kundi hilo vilipungua kwa asilimia 37. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Ndiyo, 2004!

Kuna kitu kimenikaa kooni kuhusu taaluma yangu. Mwaka 2011 tulipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500. Magazeti yaliuza. Leo tunacheka tukikumbuka, tunasema tulikuwa washamba. Sasa mtu anayechukua picha za uvimbe wa sentimita 11, anajibu "njooni", na ukoo unauza kiwanja, ametofautiana na kikombe kwa kitu gani hasa? Kikombe angalau kilikuwa shilingi 500. Sindano ni sayansi, kikombe hakikuwa. Lakini sayansi ukiikata kipande chenye sharti ukabakiza kipande chenye ahadi, anachopata mgonjwa ni kikombe tu, na hiki kinatozwa kwa dola.

Nimekaribia kumaliza. Nina jambo na wewe binafsi. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, Kenya mwaka mmoja kabla. Kama umezaliwa kabla ya hapo, na wengi wenu mnaosoma hapa mmezaliwa kabla ya hapo, hukuchanjwa utotoni labda kama wazazi wako walijilipia. Huijui hali yako. Kirusi hiki mara nyingi mtu anakipata akizaliwa au akiwa mdogo. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama, mara 9 kati ya 10 anabaki nacho maisha yote, ndiyo maana tangu 2009 inashauriwa achanjwe ndani ya saa 24 za kwanza. Kipimo ni tone la damu. Ukikutwa huna, unachanjwa, dozi tatu. Ukikutwa nacho, usikubali kuambiwa "kula matunda". Uliza lini unarudi. Uliza kama unahitaji kidonge. Uliza ultrasaundi ya kwanza ni lini na ya pili ni lini, na uandike tarehe.

Baada ya arobaini tuliwapima watoto wa mjomba. Wako wanne. Wadogo wawili, waliozaliwa 2004 na 2008 na kuchanjwa, hawana. Wa pili hana. Wa kwanza, aliyezaliwa 1999, anacho. Nilimpeleka mwenyewe kliniki, na muuguzi akaanza kumwambia habari za matunda. Tulikaa pale mpaka saa tisa alasiri, lakini tulitoka na tarehe.

Mkutano ni Alhamisi. Nitakwenda. Nitauliza maswali mawili tu: wagonjwa waliotoka Afrika Mashariki kuja kwenu mwaka jana kwa ajili ya sindano hii, wangapi walikuwa na uvimbe usiozidi sentimita 3? Na wale waliozidi, wangapi waliambiwa hivyo kabla ya kukata tiketi? Bahasha nitaiacha mezani. Nikijibiwa nitawaletea majibu hapa neno kwa neno. Nisipojibiwa nitawaletea idadi ya sambusa.